Uuguzi wa mgonjwa mahututi: maswali mnayotuuliza mara kwa mara

Mengi ya maswali haya nimeulizwa kwenye benchi la nje ya ICU, yaani chumba cha uangalizi maalumu, na ndugu aliyeshika chupa ya uji ambao mgonjwa wake hawezi kuunywa. Mengine yametoka kwa wanafunzi wa uuguzi walio kwenye wiki yao ya kwanza, wanaoogopa hata kugusa kitanda. Nimejibu kwa yale ambayo utafiti umeonyesha, na palipo na maoni yangu nimesema ni yangu. Kuhusu mgonjwa wako mwenyewe, waulize wanaomhudumia. Wao ndio wanaoiona chati yake.

Mgonjwa mahututi ni yupi hasa?

Ni mtu ambaye mapafu, moyo, ubongo au figo zake zimeanza kushindwa kazi, asiposaidiwa sasa hivi anaweza kufa, na bado ana nafasi ya kupona. Jina la ugonjwa halijalishi sana hapo. Malaria kali, mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kijana wa ajali ya bodaboda, bibi mwenye nimonia, wote hufikia mlango uleule. Tunawatambua kwa vipimo vidogo ambavyo kila wodi inaweza kuvichukua: anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, oksijeni iko chini ya asilimia 90, namba ya juu ya presha iko chini ya 90, au ukimwita haitiki.

Wengi hudhani mahututi ni yule aliyelazwa ICU. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kuhesabu wagonjwa karibu 20,000, ulikuta kwamba mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi. Kati ya hao mahututi, takriban asilimia 69 walikuwa kwenye wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya wiki moja. Maana yake ni kwamba nesi wa wodi ya wanaume, ambaye usiku wa leo ana wagonjwa 30 peke yake, naye anauguza mahututi, awe anajua au hajui.

ICU ilianzaje?

Ilianza kwa mikono ya watu. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na polio. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wakifa zaidi ya 80 katika kila 100, na mashine za kupumulia za wakati ule zilihesabika kwa vidole. Daktari wa nusu kaputi, Bjørn Ibsen, alishauri wagonjwa watobolewe koo na kupulizwa hewa kwa mfuko wa mpira unaobinywa kwa mkono. Nani abinye usiku na mchana? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakapokezana zamu kando ya vitanda kwa majuma mengi, huku wauguzi wakifyonza makohozi, wakigeuza wagonjwa na kuwalisha. Vifo vilishuka hadi chini ya nusu ya wagonjwa. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua chumba maalumu cha wagonjwa wa namna hiyo, na ICU za leo ni wajukuu wa chumba hicho.

Huwasimulia wanafunzi kisa hiki siku ya kwanza, kwa sababu hufika wakiitazama mashine na kumsahau aliyelala chini yake.

Daktari ndiye anayeandika dawa. Kwa nini basi mnasema uuguzi unaokoa?

Kwa sababu dawa huandikwa mara moja na mgonjwa hubadilika kila saa. Presha ikianza kuporomoka saa nane za usiku, anayeiona ni nesi, kama yupo na kama ana muda wa kupima. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 230,000 wa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa nesi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Utafiti wa nchi tisa za Ulaya uliotoka mwaka 2014 ulipata asilimia hiyohiyo.

Karibu na kwetu, watafiti waliofanya kazi ICU ya Muhimbili, Dar es Salaam, walijaribu jambo rahisi: kipimo kikivuka mpaka wa hatari, karatasi iliyo kando ya kitanda imwambie nesi afanye nini papo hapo, bila kungoja raundi ya asubuhi. Utaratibu huo ulitumika, na dalili za hatari zilianza kushughulikiwa zaidi kuliko kabla yake. Hapakununuliwa mtambo wowote mkubwa. Mimi naliamini jambo hili kuliko kifaa chochote ninachokijua.

Kwa nini kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa? Anaonekana kama anateleza.

Mtu aliyelala chali kabisa huku ana mpira kooni hupandishiwa majimaji ya tumbo, na kidogo huingia mapafuni. Hapo nimonia huanza. Mwaka 1999 watafiti wa Barcelona waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 86 wa mashine ya kupumulia: baadhi walilazwa chali, wengine wakainuliwa digrii 45. Nimonia iliyoshukiwa ilionekana kwa asilimia 34 ya waliolala chali, na asilimia 8 ya walioinuliwa. Siku hizi tunalenga kati ya digrii 30 na 45, isipokuwa kwa mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo au presha iliyo chini sana.

Ni kweli anateleza. Ndiyo maana unatuona kila mara tukimvuta juu wawili wawili kwa shuka. Kitanda kisichokuwa na mkono wa kukunjia tumewahi kukiwekea matofali chini ya miguu ya mbele, na kikasimama imara.

Mnampigia mswaki mtu asiye na fahamu? Mbona ni kama mapambo?

Mwishoni mwa 2023 ulitoka uchambuzi uliounganisha majaribio 15 ya kupiga wagonjwa mswaki hospitalini. Waliopigwa mswaki walipata nimonia ya hospitali pungufu kwa takriban theluthi moja, na faida hiyo ilionekana hasa kwa walio kwenye mashine. Kwenye ICU hata vifo vilikuwa vichache zaidi. Wakati huohuo ile dawa ya klorheksidini tuliyokuwa tunapaka kinywani kwa imani kubwa imepoteza sifa. Mwongozo wa Marekani wa 2022 ulishauri iachwe kwa kazi hiyo.

Kazi yenyewe huwa hivi. Mswaki wa mtoto, wenye nywele laini. Mwenzako anashikilia mpira wa kupumulia usisogee hata sentimita moja pale unapopita mdomoni. Unasugua meno ya nje, kisha ya ndani kadiri utakavyofika, kisha ulimi, na mpira wa kufyonzea uko tayari kwenye mkono wa pili. Mwishoni midomo inapakwa mafuta. Ndugu akija na mswaki mdogo na chupa ya mafuta ya mgando, ametuletea dawa.

Nilimkuta baba amelazwa kifudifudi na uso umevimba. Mmemfanya nini?

Mapafu yakiharibika sana, sehemu ya nyuma, yaani ya mgongoni, hujibana na kujaa maji mtu anapolala chali. Akigeuzwa, sehemu hiyo hufunguka na oksijeni hupanda. Jaribio lililofanyika hasa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2013 liliwachukua wagonjwa 466 wenye hali mbaya kabisa ya mapafu. Waliolazwa kifudifudi kwa vipindi vya angalau saa 16 walifariki asilimia 16 ndani ya siku 28. Waliobaki chali walifariki karibu asilimia 33. Kwenye taaluma yetu tofauti kubwa namna hiyo ni adimu.

Kugeuza kwenyewe huhitaji watu watano. Mmoja yuko kichwani, ameshika mpira wa kupumulia, na hakuna anayegusa mgonjwa kabla hajahesabu tatu. Wawili kila upande wanashika shuka. Mito hupangwa kifuani na nyongani ili tumbo liwe huru; macho yanafumbwa na kupakwa mafuta; mkono mmoja juu, mmoja chini, kama mtu anayeogelea. Kila baada ya muda kichwa hugeuzwa upande mwingine. Uso huvimba, ni kweli, na mara nyingi hurudi katika hali yake ndani ya siku chache baada ya kugeuzwa chali. Tunachokiogopa zaidi ni vidonda vya kulalia mashavuni na magotini, kwa hiyo ukituona tunainamia goti la baba yako na tochi, ndicho tunachotafuta.

Je, mashine ya kupumulia yenyewe inaweza kumuumiza?

Inaweza. Zamani mapafu yalipulizwa hewa nyingi ili vipimo vya damu vipendeze. Jaribio la Marekani la mwaka 2000, lenye wagonjwa 861, lilitumia nusu ya hewa hiyo, mililita 6 kwa kila kilo badala ya 12. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31. Kilo hizo hukokotolewa kutokana na urefu, si uzito wa kwenye mizani, ndiyo maana nesi huja na futi kamba kumpima mtu aliyelala.

Kwa nini hamumwagii mtoto maji mengi ya dripu wakati amepoa mikono na miguu?

Swali hili huulizwa na wazazi, na waganga wengi pia. Jibu lake lilipatikana kwetu hapahapa.

Kwa miongo mingi vitabu vilivyoandikwa kwenye nchi tajiri vilisema mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Mwaka 2009 jaribio lililoitwa FEAST lilianza katika hospitali sita: moja Kenya, nne Uganda na moja Tanzania, likiongozwa na Kathryn Maitland kutoka kituo cha utafiti cha Kilifi. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa kasi, jingine albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, la tatu halikupewa maji ya kasi kabisa. Wote walipata dawa za kuua bakteria, dawa za malaria kwa waliozihitaji, oksijeni na maji ya kawaida ya polepole.

Waliokuwa wakisubiri matokeo walitarajia maji yashinde. Ndani ya saa 48 walikufa watoto kati ya 10 na 11 katika kila 100 waliopewa maji ya kasi, na 7 katika kila 100 ambao hawakupewa. Mapema mwaka 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikisha idadi iliyopangwa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuporomoka kuliko mapafu kujaa maji, kama wengi walivyokuwa wanadhani.

Baadaye, huko Lusaka, Zambia, jaribio la watu wazima zaidi ya 200 waliokuwa na maambukizi makali na presha ya chini lilichapishwa mwaka 2017. Waliotibiwa kwa utaratibu wa maji mengi mapema walifariki hospitalini asilimia 48. Waliopata matibabu ya kawaida, asilimia 33.

Nakuomba usiyachukue matokeo haya kupita mpaka wake. Watoto wenye kuhara na kutapika hawakuwemo kwenye FEAST, na mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara anayahitaji upesi. Waliopoteza damu nao habari yao ni nyingine. Lakini nesi akiifunga dripu iende tone kwa tone huku mama analia "mwanangu anakauka", mama huyo anastahili kuelezwa kwamba kuna watoto wa FEAST, wa Mbale na Soroti huko Uganda na Muheza hapa Tanzania, waliotufundisha hilo.

Kipimo cha kidoleni kinaonyesha 94. Mbona bado mna wasiwasi?

Kwa sababu kipimo hicho hupitisha mwanga kwenye ngozi, na kwenye ngozi nyeusi mara nyingine hudanganya kwa kutaja namba kubwa kuliko ukweli. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba za kidoleni na vipimo vya damu ya ateri. Miongoni mwa waliosomeka kati ya 92 na 96, wagonjwa Weusi karibu 12 katika kila 100 walikuwa na oksijeni halisi chini ya 88. Kwa Wazungu walikuwa chini ya 4. Vifaa hivyo tunavitumia kwa watu ambao karibu wote ni weusi, na niliposoma matokeo haya nilikumbuka kila usiku niliojiambia "94, yuko salama". Sasa nahesabu pumzi mwenyewe kwa dakika nzima na kutazama mbavu zinavyozama, namba iseme inavyosema. Rangi ya kucha na vidole vilivyopoa pia huvuruga usomaji. Futa rangi, pasha mkono joto, kisha pima tena.

Kwa nini mnapunguza dawa ya usingizi ilhali anahangaika?

Usingizi mzito wa dawa una gharama yake. Jaribio la Chicago la mwaka 2000 liliwasimamishia dawa za usingizi wagonjwa wa kundi moja kila siku mpaka waamke, na wakaachana na mashine mapema: wastani wa takriban siku 5 dhidi ya zaidi ya 7. Tangu hapo lengo ni mgonjwa mtulivu anayeweza kufumbua macho akiitwa, na maumivu yake yatibiwe kwanza. Anayehangaika mara nyingi anaumwa mahali, au mkojo umeziba, au hewa haitoshi. Vyote hivyo huangaliwa kabla ya kuongeza dawa.

Mama anasema anaona mijusi ukutani na amenikana. Amerukwa na akili?

Hapana. Ubongo wake umeugua pamoja na mwili. Hali hii huwapata wagonjwa wengi sana wa mashine, huja na kuondoka, na mara nyingine mgonjwa hukaa kimya tu huku akiogopa. Jaribio la Marekani la mwaka 2018 lililowapa wagonjwa haloperidoli, dawa ya kutuliza waliochanganyikiwa, halikufupisha hali hiyo kuliko dawa bandia. Kinachosaidia ni vya kawaida: miwani yake, kifaa chake cha kusikia, dirisha mchana, taa hafifu usiku, na sauti anayoifahamu. Usibishane naye kuhusu mijusi. Mwambie: "Mama, ni mimi, leo ni Alhamisi, uko hospitali, nipo hapa."

Ndugu akikaa muda mrefu si analeta vijidudu?

Brazil waliuchunguza wasiwasi huu katika ICU 36, wakachapisha mwaka 2019. Ndugu waliruhusiwa kukaa hadi saa 12 kwa siku. Maambukizi hayakuongezeka. Kuchanganyikiwa kwa wagonjwa hakukupungua kama ilivyotumainiwa, lakini wasiwasi na huzuni za ndugu zilipungua. Kwa maoni yangu, nusu saa mchana na nusu saa jioni ni utaratibu wa kutupunguzia sisi usumbufu, na tuseme hivyo waziwazi. Nawa mikono, vua saa na bangili, ingia.

Kuna mambo mliyokuwa mnafanya na mkayaacha?

Yapo mengi. Nilifundishwa kumimina maji ya chumvi kwenye mpira wa kupumulia kabla ya kufyonza makohozi, "ili yalegee". Nilifanya hivyo kwa miaka. Miongozo sasa inashauri tusifanye hivyo kama kawaida ya kazi. Sukari nayo: tulihimizwa kuibana mpaka iwe kama ya mtu mzima wa afya, kisha jaribio la mwaka 2009 lenye wagonjwa zaidi ya 6,000 likaonyesha kwamba kuibana hivyo kuliongeza vifo, asilimia 27.5 dhidi ya 24.9. Na mazoezi ya mapema kitandani, ambayo utafiti mdogo wa 2009 uliyasifu sana, yalipojaribiwa kwa wagonjwa 750 na kuchapishwa mwaka 2022, kusukuma mazoezi zaidi ya kiwango cha kawaida hakukuleta faida na kulikuwa na madhara zaidi. Bado tunawakalisha na kuwasimamisha. Hatuwakimbizi tu.

Wametuomba mgonjwa wetu aingie kwenye utafiti. Anafanyiwa majaribio kama panya?

Una haki ya kuuliza hivyo. Nchini Tanzania utafiti wa aina hiyo huhitaji kibali cha kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Muulize anayekuja: mnalinganisha nini na nini, asipoingia atatibiwaje, nani wa kumpigia tukibadili mawazo. Anayeshindwa kukujibu kwa Kiswahili unachokielewa, mwambie arudi akiwa amejiandaa. Ukikataa, matibabu yanaendelea kama kawaida. Pale ambapo hakuna muda, kamati huweza kukubali mzazi aulizwe kwa mdomo kwanza na kusaini baadaye. Ndivyo ilivyokuwa kwenye FEAST, kwa sababu mtoto anayekata roho hangoji mzazi asome kurasa tano.

Hospitali yetu haina ICU. Tufanye nini?

Mwaka 2021 wataalamu kutoka nchi nyingi, za kipato cha chini zikiwamo, walikubaliana juu ya orodha ya hatua 40 za msingi ambazo kila hospitali inapaswa kumfanyia mgonjwa mahututi, awe wodi yoyote. Ukiisoma hutaona mashine za gharama. Utaona: mlaze ubavu asiyejitambua, fungua njia ya hewa, mpe oksijeni, mtundikie dripu, mpime tena, mwite mwenye ujuzi zaidi, andika. Anzeni na kitanda kimoja karibu na meza ya manesi, mtungi wa oksijeni uliojaa, mashine ya kufyonzea iliyojaribiwa asubuhi hiyo, na chati ya vipimo inayoning'inia mbele ya macho ya kila apitaye.

Ametoka ICU, lakini hana nguvu na anaota ndoto mbaya. Ni kawaida?

Ni kawaida, na mara nyingi hakuna aliyewaonya. Misuli huyeyuka haraka kitandani. Mtu aliyekuwa akibeba magunia anashindwa kufunga vifungo vya shati. Kumbukumbu hukatika, usingizi huwa mbaya, wengine huogopa hata mlio wa simu kwa kuwa unafanana na kengele ya mashine. Hali hii inaweza kudumu miezi, hata zaidi ya mwaka. Mpeni chakula chenye maharage, mayai au dagaa, atembee kidogo kila siku, na mrudisheni kliniki kama hasogei mbele.

Katika ICU kadhaa manesi na ndugu huandika daftari mgonjwa akiwa hajitambui. Si lazima mngoje hospitali iwaanzishie. Nunueni daftari la kurasa 48, andikeni tarehe juu, kisha mistari mitatu minne: leo umefumbua macho Rehema alipokuita, leo umegeuzwa kifudifudi, leo mvua imenyesha na mbuzi amezaa mapacha. Siku atakapouliza "nilikuwa wapi wiki zile mbili?", mkabidhini.